Fedha za Babati: zaingia na mbaazi, zaondoka na wanaohama

BABATI ni mji wa njia panda, na fedha yake ina tabia ya abiria. Barabara ya Arusha inaingia kutoka kaskazini, ya Singida inatoka kupitia Katesh, ya Dodoma inaelekea kusini kupitia Kondoa, na ile ya Mbulu inapanda milimani kupitia Dareda. Kaya zinazohamia na zinazohama hupita humo humo, na magodoro, mabati, magunia na watoto wa shule. Mfanyabiashara anayetaka kuweka mtaji wake katika makao makuu haya ya Mkoa wa Manyara hana budi kujua nani anakuja kukaa, nani anaondoka, na fedha za kila mmoja zinalala wapi usiku.

Wengi hawaulizi hivyo. Wanaona stendi imejaa, Fuso zimepanga mstari, nyumba za wageni zinajengwa, wanahitimisha kuwa mji unakua na kwamba duka lolote litauza. Wapo waliofungua Agosti wakifurahia mauzo, ilipofika Machi wakawa wanalipa kodi ya fremu kutoka mfukoni. Bidhaa ilikuwa sahihi, ila mwenye duka alikuwa amesoma mwezi mmoja akadhani amesoma mwaka.

Njia nzuri ni kuanza na idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mji wa Babati na watu 93,108. Ile ya mwaka 2022 iliukuta na watu 129,572. Ni ongezeko la zaidi ya watu 36,000 kwa miaka kumi, na kwa macho ya mwenye duka hilo ni soko jipya. Lakini katika kipindi hicho hicho Mkoa wa Manyara ulitoka watu 1,425,131 hadi 1,892,502, na Tanzania nzima ikatoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120. Ukiligawa ongezeko hilo kwa mwaka, mji ulikua kwa kama asilimia 3.3, mkoa kwa kama 2.8 na taifa kwa 3.2.

Tarakimu hizo zina ujumbe usiopendeza sana kwa madalali wa viwanja. Kama Mji wa Babati ungekua kwa mwendo wa mkoa wake tu, ungekuwa na watu wapatao 123,600. Kwa hiyo kilichozidi, ambacho mtu anaweza kukidhania kuwa ni mvuto wa mji wenyewe, ni kama watu 6,000 kwa miaka kumi. Ukiupima kwa mwendo wa taifa, ziada hiyo inashuka hadi watu 1,600 hivi. Mkoa nao, ukilinganishwa na mwendo wa taifa, una upungufu wa watu kama 66,000. Sensa haitenganishi hapa waliozaliwa na waliohamia, na mipaka ikiguswa hesabu hubadilika, kwa hiyo si vizuri kuzikamua tarakimu hizi kupita kiasi. Hata hivyo mwelekeo uko wazi. Babati inapokea watu, lakini wakati huo huo inapitisha wengi na inatoa wengi. Anayejenga nyumba ya kupangisha kwa matumaini ya wimbi la wahamiaji ajue kwamba wimbi lenyewe ni dogo kuliko kelele zake.

Walikotoka

Kuhama si jambo geni katika eneo hili. Wenyeji wa kuzunguka Ziwa Babati ni Wagorowa, na chini kwenye mbuga za Ziwa Manyara ni Wambugwe. Wairaqw walibanwa na ufinyu wa ardhi katika milima ya Mbulu, wakashuka kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati serikali ya kikoloni ilipofyeka mapori yenye mbung'o chini ya mpango wa maendeleo wa Mbulu. Walifuata nafasi hiyo hadi Karatu, Hanang na Babati. Warangi walipanda kutoka Kondoa, wengi wao wakiwa wakulima na wachuuzi. Wachaga na wafanyabiashara wenye asili ya Asia walifuata barabara. Baadaye, mwaka 1979, mifugo iliondolewa katika milima iliyomomonyoka ya Kondoa chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO, na wenye ng'ombe wakalazimika kutafuta malisho nje ya eneo hilo.

Wengine walihama bila kupenda. Katika tambarare za Hanang, shirika la NAFCO lilichukua maelfu ya ekari za malisho ya Wabarabaig kwa ajili ya mashamba ya ngano yaliyosaidiwa na Kanada. Kijiji cha Mulbadaw kiliishitaki NAFCO, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaamua kwa upande wa shirika. Mwaka huo huo ndipo Wilaya ya Babati ilipokatwa kutoka Hanang. Baadhi ya wafugaji walisogea kusini, na leo Wabarabaig wanakutwa na mifugo yao Morogoro hadi Lindi. Kwa mfanyabiashara wa Babati historia hiyo ina maana moja ya kikazi. Ng'ombe waliokuwa wakiuzwa katika minada ya jirani wanauzwa mbali, na fedha yao inanunua shuka, sukari na dawa za mifugo huko huko walikouzwa.

Fedha ya mbaazi

Kinachoingiza fedha nyingi mikononi mwa kaya za vijijini kwa wakati mmoja ni mbaazi. Mahindi ni chakula kwanza na biashara baadaye. Mchele wa Magugu una jina kubwa katika masoko ya Arusha, lakini unalimwa na wenye maji. Miwa ya bonde la Kiru ni ya mashamba makubwa zaidi. Mbaazi iko karibu kila shamba, imepandwa katikati ya mahindi, na haina gharama kubwa. Ipo hata mbegu ya kienyeji inayojulikana hadi kwa watafiti wa nje kwa jina la Babati, nyeupe na nene, na ipo ile iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaitwa Mali. Inapandwa na mvua za mwisho wa mwaka, mahindi yanavunwa kwanza, kisha mbaazi inabaki peke yake shambani na kuvunwa kuanzia kati ya mwaka.

Mnunuzi mkubwa ni India. Hapo ndipo kaya ya Bashnet au Gallapo inapofungwa kamba moja na wizara iliyoko New Delhi. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kutoka nje. Bei ya shambani nchini Tanzania, ambayo katika misimu mizuri ya kabla ya hapo ilikuwa ikihesabiwa kwa maelfu ya shilingi kwa kilo, ikaporomoka hadi mamia. Wapo walioacha mbaazi shambani ikaliwa na mbuzi, kwa sababu vibarua wa kuvuna walikuwa ghali kuliko zao lenyewe.

Chukua mfano wa kaya yenye ekari nne na mavuno ya magunia matatu ya kilo mia kwa kila ekari. Ni kilo 1,200. Kwa bei ya shilingi 2,000 kaya hiyo inapata shilingi 2,400,000. Kwa shilingi 500 inapata 600,000. Tofauti ni shilingi 1,800,000, na katika kijiji chenye kaya mia tano za namna hiyo ni shilingi milioni 900 ambazo hazitaonekana katika duka lolote, benki yoyote wala baa yoyote ya Babati msimu huo. Ni mfano tu, lakini kila mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekuwepo mwaka 2017 ataukubali bila ubishi.

Waliopata hasara kubwa msimu ule walikuwa wale waliokopesha. Babati, kama miji mingi ya mazao, inaendeshwa kwa mali kauli. Muuza pembejeo anampa mkulima mbegu na dawa Desemba, mwenye duka la rejareja anampa unga na mafuta Machi, na wote wanaandika katika daftari wakingoja mavuno. Daftari hilo ni mkopo uliowekewa dhamana ya uamuzi wa serikali ya nchi nyingine, ingawa hakuna anayeliita hivyo.

Mei 2021 India ilifungua tena mlango bila kikomo, na ruhusa hiyo ikawa inaongezewa muda. Bei zilipanda. Kwa upande wa ndani, katika misimu ya karibuni Serikali imesukuma mbaazi, pamoja na dengu, choroko na ufuta, ziuzwe kwa stakabadhi ghalani na kwa minada ya Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mjadala wa kama mfumo huo unamfaa mkulima ni mrefu, na wanunuzi wadogo waliozoea kuzunguka vijijini na mizani na lumbesa zao hawaupendi. Kwa mwenye duka jambo la kuangalia ni jingine. Chini ya mfumo wa zamani mkulima aliuza asubuhi akawa na noti mfukoni mchana, na noti zile zilitumika katika gulio la jirani. Chini ya mnada anangoja, kisha fedha inaingia katika akaunti, na mwenye akaunti huja nayo mjini. Kwa hiyo fedha ile ile ya mbaazi inaweza kusogea kutoka kibanda cha kijijini hadi duka la jumla la Babati, au ikapitiliza kabisa na kulipia mabati Arusha.

Vijana wa Mirerani

Upande wa wanaotoka, njia inayozungumzwa zaidi ni ile ya Mirerani. Machimbo ya tanzanaiti, madini yaliyogunduliwa mwaka 1967, yako wilayani Simanjiro, ndani ya mkoa huu huu. Vijana wa Babati, Mbulu na Hanang wamekuwa wakienda huko kwa miaka mingi kuwa wanaapolo. Mwanaapolo wa kawaida halipwi mshahara. Anapewa chakula na mwenye shimo na kungoja mgawo mawe yakipatikana, na anaweza kukaa mwaka mzima bila mgawo. Familia yenye kijana Mirerani haina pato la kila mwezi, ina tiketi ya bahati nasibu.

Tiketi hizo hushinda mara chache, na zikishinda dunia nzima husikia. Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili yenye jumla ya kilo zipatazo 14 kwa shilingi bilioni 7.74, akasema atajenga shule na jengo la biashara karibu na kwao. Kwa kawaida, hata hivyo, fedha ya tanzanaiti ilikuwa ikienda Arusha, kwa madalali wa mawe na wenye maduka, na Babati, ingawa ndiyo makao makuu ya mkoa, haikuiona. Serikali ilijenga ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kuzunguka machimbo, ukazinduliwa Aprili 2018, na mwaka 2021 ikaagiza biashara ya tanzanaiti ifanyike Mirerani badala ya Arusha. Hatua hizo zimeirudisha biashara ndani ya mipaka ya mkoa kwenye karatasi. Kwa umbali wa barabara, Mirerani bado iko karibu na Arusha kuliko Babati, na fedha hufuata lami.

Wapo wanaohama kimya zaidi. Wasichana wanaokwenda Arusha na Dar es Salaam kufanya kazi za ndani hawapigi kelele ya bilioni. Vijana wanaokwenda kuendesha bodaboda, kulinda magodauni au kubeba zege hawaandikwi magazetini. Lakini shilingi elfu ishirini au thelathini zao, zikitumwa mara mbili tatu kwa mwaka, ndizo zinazonunua mfuko wa mbolea Desemba au debe la mahindi Machi, wakati ghala la nyumbani limeisha. Kiasi ni kidogo. Thamani yake iko katika majira, kwa kuwa inafika wakati mbaazi haipo.

Mzigo mwingine unakwenda kinyume chake na husahauliwa. Mzazi wa Babati humtumia mtoto aliyeko mjini kuliko anavyotumiwa, angalau katika miaka ya mwanzo. Humtumia nauli, kodi ya chumba, ada ya chuo. Gunia la mahindi au la mchele wa Magugu linalofungwa juu ya basi alfajiri kwenda kwa ndugu wa Arusha haliandikwi popote, na ukilihesabia bei ya soko ni mshahara wa wiki kadhaa wa anayelipokea.

Je, kuhama kunalipa? Kuna utafiti mmoja nchini unaoweza kujibu kwa uzito, uliofanyika Kagera. Kaya zilizohojiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitafutwa tena mwaka 2004, pamoja na waliokuwa wamehama. Ilionekana kwamba matumizi ya waliohama yalikua kwa asilimia 36 zaidi ya yale ya ndugu zao waliobaki, wakiwa wametoka katika nyumba moja. Kwa mji kama Babati, uchambuzi wa baadaye wa takwimu hizo hizo, uliotolewa mwaka 2013 na Luc Christiaensen na wenzake, una uzito zaidi. Karibu nusu ya waliotoka katika umaskini walitoka kwa kuacha kilimo na kuingia katika shughuli nyingine za vijijini au katika miji midogo. Waliotoka kwa kwenda katika miji mikubwa walikuwa mmoja kati ya saba. Aliyefika jiji kubwa alipanda haraka zaidi, lakini waliofika mji mdogo walikuwa wengi zaidi. Kagera si Manyara, ila anayedhani mteja wake wa kesho ni tajiri anayerudi kutoka Dar es Salaam afikirie upya. Mteja huyo huenda ni mkulima wa Dareda aliyefungua kibanda cha kuchomelea vyuma nyuma ya stendi.

Mishahara ya ofisi

Mwaka 2002 Manyara ilipokatwa kutoka Arusha na Babati kufanywa makao makuu, mji ulipata kile ambacho mbaazi haiwezi kutoa, yaani fedha ya kila mwezi. Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, mahakama, polisi wa mkoa, watoza kodi, walimu na wauguzi walileta mishahara isiyojua masika wala kiangazi. Nyumba za kupangisha za hadhi ya kati, vyakula vya mchana, saluni na shule za binafsi zinaishi kwa mishahara hiyo.

Tatizo ni kwamba mtumishi wa makao makuu mapya huja na mguu mmoja. Wengi huacha familia Arusha, Moshi au Dodoma, hupanga chumba na sebule, na mshahara ukiingia sehemu kubwa hupanda simu siku hiyo hiyo kwenda inakoishi familia. Umbali wa kama kilomita 170 hadi Arusha kwa lami ni mfupi wa kutosha kumfanya mtu aende nyumbani kila Ijumaa. Anaporudi Jumapili huwa amenunua vya wiki huko huko. Kwa hiyo mfanyabiashara anayelenga watumishi asihesabu vichwa vya ofisini. Ahesabu watoto waliohamishiwa shule za Babati, kwa maana mtumishi aliyehamisha watoto amehamisha na jiko.

Lami yenyewe imefanya kazi mbili. Barabara ya Minjingu hadi Babati na kuendelea Singida ilikamilika katika miaka ya mwanzo ya 2010. Ile ya kilomita 251 kutoka Dodoma ilizinduliwa Aprili 2018, wakati Serikali ilipokuwa tayari imetangaza kuhamia Dodoma. Mkulima wa Babati alipata soko la pili, na mnunuzi wa Arusha akapata mshindani. Hilo ni jema na linaonekana katika bei za mahindi na mboga. Lakini safari iliyokuwa inamlazimisha dereva kulala Babati kwa sababu ya matope sasa anaimaliza siku hiyo hiyo. Nyumba za wageni zilizojengwa kwa hesabu ya matope zimebaki na vitanda vitupu siku za katikati ya wiki.

Jambo la wakala

Kabla ya simu, fedha ya aliyehama ilirudi kwa hawala ya posta, kwa bahasha iliyokabidhiwa kondakta wa basi, au ilimngoja mwenyewe hadi Krismasi. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, njia hizo zilikufa karibu bila kuzikwa. Julai 2021 Serikali iliweka tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila muamala kulingana na kiasi, watu wakaanza tena kubeba noti, na Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikapunguzwa tena katika miaka iliyofuata. Kipindi kile kilifundisha jambo moja kwa vitendo. Anayetuma elfu ishirini anahesabu hata mia tano.

Kwa mwekezaji mdogo, kibanda cha wakala ni mahali ambapo mtiririko wote huu unaonekana kwa macho. Msimu wa mbaazi watu wanaweka fedha, wakala anajaza noti na kuishiwa floti. Novemba na Desemba mambo hugeuka. Fedha za walioko mjini zinaingia, watu wanatoa, na wakala asiye na noti anafunga saa nne asubuhi. Januari watu wanaweka tena ili kulipia shule. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na baadaye ikafika kidato cha sita, lakini sare, bweni, nauli na shule za binafsi bado zinaivuta fedha nje ya wilaya. Aprili ni ukame wa noti na wa floti pia. Wakala mwenye mtaji uliogawanywa nusu kwa nusu mwaka mzima anapoteza wateja mara nne.

Ardhi na nyumba

Kaya inayohama Babati kwa kawaida haiuzi shamba. Inalikodisha kwa jirani au inamwachia mdogo wa baba, na inabaki na haki ya kurudi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi hiyo mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na mgeni anayenunua kwa makubaliano ya kienyeji chini ya mwembe, bila kupitia kijiji, ananunua kesi. Wawekezaji wadogo wa kutoka Arusha wamekuwa wakivutiwa na ekari za bei nafuu pembeni mwa barabara ya Dodoma. Waulize kwanza aliyeondoka yuko wapi, na ndugu zake wangapi wanaikumbuka mipaka.

Fedha nyingine inarudi kwa sura ya nyumba. Mwaka 2021 kilitoka kitabu kilichohaririwa na Dan Brockington na Christine Noe, ambamo watafiti walirudi katika vijiji vya Tanzania vilivyochunguzwa miaka mingi nyuma. Walikuta kaya nyingi zimeongeza mali, yaani nyumba bora, mifugo, ardhi, elimu ya watoto, kwa kiwango ambacho vipimo vya umaskini vinavyotazama matumizi ya kila siku havikioni. Mwenye duka la mabati na saruji hahitaji kuambiwa mara mbili. Nyumba ya matofali ya kuchoma inayojengwa miaka sita na kijana aliyeko Arusha, msingi mwaka huu, lenta mwaka ujao, ni mteja wa uhakika kuliko anayekuja mara moja na fedha nyingi. Hununua kidogo kidogo, hulipa taslimu, na hujenga karibu na mama yake.

Yapo pia mahamio ambayo hayana msimu. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu 89 wakapoteza maisha na familia nyingi zikabaki bila makazi. Serikali iliwajengea nyumba waathirika katika eneo la Waret, huko huko Hanang. Katesh ni soko la jirani kabisa la Babati kwa upande wa Singida, na maduka mengi yaliyoharibiwa yalikuwa yakichukua bidhaa kwa jumla. Hakuna daftari la mali kauli lililoandikiwa jambo kama hilo.

Anayepanga kuagiza bidhaa za msimu ujao wa Babati ana tarehe chache za kuangalia, na ngumu kuliko zote haiko Babati. Mwaka wa fedha wa India unakwisha Machi 31, na matangazo ya kuongeza muda wa kuingiza mbaazi bila kikomo yametoka mara kadhaa kati ya Desemba na Machi. Kufikia wakati huo mbegu ya Babati huwa tayari iko ardhini, palizi ya kwanza imelipwa kwa mkopo, na kijana wa mwisho aliyekuwa anangoja kuona mvua ameshapanda basi la Arusha.